Wa Kwanza na wa Mwisho: Mexico City, Tarehe 20 Oktoba 1968

Kila taifa lina siku zake katika kalenda, na wananchi huzijua siku hizo kama mtu ajuavyo majina ya ndugu zake. Kwetu Kenya, tarehe 20 Oktoba ni mojawapo. Yatukumbusha mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wenzake wakatiwa mbaroni. Kwa miaka mingi iliitwa Sikukuu ya Kenyatta; na tangu Katiba ya mwaka 2010 huitwa Siku ya Mashujaa, ili heshima iwaenee wote walioitumikia nchi, wala isiwe ya mtu mmoja peke yake.

Lakini tarehe hiyo hiyo ina habari nyingine, ambayo haikutendeka katika ardhi yetu bali ng'ambo ya bahari, katika Mexico City, mwaka 1968. Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya riadha katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka huo. Siku hiyo moja Mkenya alishinda, Mmarekani aliruka kwa namna iliyoubadili mchezo wake daima, na Mtanzania alifika wa mwisho katika mbio ndefu kuliko zote. Habari hizi tatu zafaa kusomwa pamoja, kwa kuwa kila moja hulijibu kwa njia yake swali moja: ni kitu gani hasa kimfanyacho mtu astahili kukumbukwa?

Kwanza yafaa tuufahamu mji wenyewe. Mexico City umejengwa juu ya uwanda ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu namna hiyo hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huleta mapafuni kiasi cha robo tatu tu, au zaidi kidogo, ya oksijeni aipatayo mtu wa pwani. Mwenye kukimbia mita 100 haoni dhara, maana mbio zake huisha kabla mwili haujadai hewa nyingi, tena hewa nyepesi humpunguzia upinzani. Lakini mwenye kukimbia masafa marefu hudaiwa na mwili wake deni asiloweza kulilipa. Mambo hayo yalionekana wazi juma lile. Tarehe 18 Oktoba Mmarekani Bob Beamon aliruka mita 8.90 katika mruko wa mbele, sentimita 55 zaidi ya rekodi ya dunia. Siku tano kabla ya hapo, katika mbio za mita 10,000, Ron Clarke wa Australia, aliyeishika rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka akapoteza fahamu. Mshindi alikuwa Naftali Temu, naye akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Hata hivyo muda wa Temu, dakika 29 na sekunde 27.4, ulikuwa mrefu kuliko rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili. Hewa ile ilimtoza kila mtu ushuru, hata aliyeshinda.

Wala msomaji asidhani kuwa michezo hufanyika katika dunia nyingine, mbali na taabu za wanadamu. Siku kumi kabla ya Michezo kufunguliwa, askari wa serikali waliwapiga risasi wanafunzi na raia waliokusanyika katika uwanja wa Tlatelolco mjini humo, na watu wengi wakauawa. Afrika Kusini ilizuiwa kushiriki kwa sababu ya siasa yake ya ubaguzi wa rangi. Tarehe 16 Oktoba, Tommie Smith na John Carlos, Wamarekani weusi, waliinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi juu ya jukwaa la washindi, nao wakaondolewa katika kikosi chao. Hayo ndiyo yaliyotangulia siku tunayoisimulia.

Na tumtazame kwanza Kipchoge Keino, askari polisi wa miaka 28, mzaliwa wa Nandi. Keino alifika Mexico akiwa mgonjwa wa nyongo. Tarehe 13 Oktoba, katika mbio zile za mita 10,000 alizoshinda Temu, maumivu yalimwangusha ikisalia mizunguko miwili tu. Daktari alimwonya asikimbie tena. Hakusikia. Tarehe 17 alikimbia fainali ya mita 5,000, akashindwa na Mohammed Gammoudi wa Tunisia kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Kesho yake alianza mbio za mita 1,500, na kesho kutwa akakimbia nusu fainali. Hivyo fainali ya tarehe 20 ilikuwa mara yake ya sita kukimbia katika muda wa siku nane. Husimuliwa pia kwamba siku hiyo gari alilopanda lilikwama katika msongamano wa magari, naye akashuka akakimbia kwa miguu mpaka uwanjani.

Aliyemngoja huko alikuwa Jim Ryun wa Marekani, kijana wa miaka 21, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Los Angeles, Ryun alimshinda Keino na kuiweka rekodi hiyo kwa dakika 3 na sekunde 33.1. Silaha ya Ryun ilijulikana na wote: alikuwa hodari wa kungoja nyuma, kisha kufyatuka katika mita za mwisho kwa kasi isiyoweza kufuatwa. Tena yeye mwenyewe aliamini kwamba katika hewa ile nyepesi, muda wa dakika 3 na sekunde 39 ungetosha kumpa ushindi. Hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kama mbio zingekwenda polepole, kama watu wengi walivyotazamia, Ryun angeshinda.

Wakenya waliamua kwamba zisiende polepole. Mlio wa kuanzia uliposikika, Ben Jipcho, mwenzake Keino, alitoka mbele kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 56 hivi, mwendo ambao hakuna aliyeutarajia mahali pa juu vile. Keino akamfuata. Walipokwisha kupita mita 800, Keino akachukua uongozi na kwenda zake. Ryun alikuwa nyuma sana. Na alipoanza kufyatuka, kama ilivyokuwa desturi yake, njia iliyosalia ilikuwa fupi na pengo lilikuwa refu. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, rekodi mpya ya Olimpiki, akimwacha Ryun kwa mita 20 hivi. Katika mbio za namna hiyo washindi hutengana kwa hatua moja au mbili. Ryun alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 37.8, yaani upesi kuliko muda ule aliodhani ungempa dhahabu, na bado akawa wa pili. Bodo Tümmler wa Ujerumani Magharibi alikuwa wa tatu.

Na Jipcho je? Jipcho alimaliza wa kumi. Nguvu zake alikuwa amezitoa zote katika mizunguko ile ya kwanza. Baadhi ya watu walinung'unika kwamba haikuwa haki watu wawili kukimbia dhidi ya mmoja, na yasemekana Jipcho mwenyewe, miaka mingi baadaye, alimwomba Ryun radhi. Swali hili nimeliona likigawa darasa mara nyingi, na sioni vibaya ligawe na wasomaji wa insha hii. Sheria haikumkataza mtu kutangulia mbele. Jipcho hakumgusa mtu wala hakumzibia njia. Walakini aliingia fainali ya Olimpiki, jambo ambalo wengi huliota maisha yao yote, akijua kwamba hatashinda, na kwamba jina litakaloimbwa si lake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini chawa akivunjwa, watu hukitaja kidole kilichokuwa juu.

Siku hiyo hiyo Kenya ilipata nishani nyingine, ya fedha, katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Waliokimbia ni Daniel Rudisha, Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati. Wamarekani walishinda kwa rekodi ya dunia, dakika 2 na sekunde 56.1, Wakenya walikuwa nyuma yao kwa dakika 2 na sekunde 59.6. Katika mbio za vijiti msaada wa mtu kwa mwenzake huonekana na wote, maana kijiti kinapita kutoka mkono hata mkono. Jipcho naye alimpa Keino kijiti alasiri ile, ila kilikuwa kijiti kisichoonekana. Na vijiti vingine hupita kwa kizazi: miaka minne baadaye, mjini Munich, Nyamau na Asati walikuwamo katika kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya mbio hizo; na David, mwana wa Daniel Rudisha, alishinda mita 800 katika Olimpiki za mwaka 2012 na 2016.

Sasa tugeuze macho tuwatazame waruka juu. Kwa miaka mingi warukaji mashuhuri walikuwa wakivuka ufito kifudifudi, uso ukitazama chini, mguu mmoja ukitangulia, mwili ukibiringika juu ya ufito. Walimu waliufundisha mtindo huo kama sheria isiyo na mjadala. Dick Fosbury, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka jimbo la Oregon, hakuuweza. Alikuwa mrefu, na mtindo uliosifiwa na wote haukumfaa. Tangu alipokuwa na umri wa miaka 16 alianza kujaribu namna yake mwenyewe: alikimbia kwa mkunjo kama upinde, akafika penye ufito akaupa mgongo, akapita kichwa kikitangulia, chali, kisha akavuta miguu na kuangukia mabega. Waliomwona mara ya kwanza walicheka. Wengine walionya kwamba vijana wakimwiga watavunjika shingo.

Jambo hili lina sababu mbili, na mwanafunzi wa historia azishike zote mbili. Ya kwanza ni ya maumbile. Mtu akipinda mgongo juu ya ufito, kila sehemu ya mwili huvuka kwa zamu yake, hata kitovu cha uzito wa mwili chaweza kupita chini ya ufito wakati mtu mwenyewe anapita juu. Hivyo nguvu ile ile ya miguu humvusha mahali pa juu zaidi. Sababu ya pili ni ya vyombo. Zamani mrukaji aliangukia mchanga au vumbi la mbao, na hapo hapana budi atue kwa miguu. Siku za Fosbury magodoro manene ya sponji yalikuwa yameanza kutumika, na mtu aliweza kuangukia mgongo asiumie. Fikira mpya haizai matunda mpaka dunia iwe na mahali pa kuipokea. Na mahali papo, hapana budi apatikane mtu wa kuthubutu.

Tarehe 20 Oktoba Fosbury alivuka kila kimo mpaka mita 2.22 bila kuuangusha ufito hata mara moja. Mwenzake Ed Caruthers aliishia hapo. Ufito ulipowekwa mita 2.24, Fosbury alishindwa mara mbili. Mara ya tatu, iliyokuwa ya mwisho, akavuka. Ilikuwa dhahabu na rekodi ya Olimpiki. Mithali yetu husema mwacha mila ni mtumwa, na mara nyingi husema kweli. Lakini siku hiyo aliyeiacha mila ndiye aliyekuwa huru, na leo warukaji wakubwa wote duniani huufuata mtindo wake. Ukienda katika uwanja wa shule yenye godoro la kurukia, utawaona vijana wakiruka chali, na aghalabu hawajui jina la aliyewafungulia njia. Fosbury alifariki mwaka 2023.

Nimeiweka marathoni mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyochelewa kumalizika. Saa tisa alasiri watu 75 waliondoka katika uwanja mkuu wa mji uitwao Zócalo, waende kilometa 42 na mita 195. Miongoni mwao alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, na akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Lakini safari hii mguu wake ulikuwa na maumivu, na baada ya kilometa 17 hivi aliacha mbio. Mwenzake Mamo Wolde, mtu wa miaka 36, akaibeba heshima ya nchi yao. Aliingia uwanjani peke yake kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Kenji Kimihara wa Japani alikuwa wa pili, na Mike Ryan wa New Zealand wa tatu. Nishani zikagawanywa. Watu wakaanza kutawanyika.

Huko njiani alikuwapo bado John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, Tanzania. Kabla ya kufika nusu ya njia, wakimbiaji walipokuwa wakisongana, alianguka vibaya. Goti likaumia na kuteguka, na bega likajigonga barabarani. Akatibiwa, akafungwa bendeji, akainuka. Watu 18 waliacha mbio siku hiyo, nao hawakuumbuka kwa kuacha, maana hata Bikila mwenyewe aliacha. Akhwari alikuwa na ruhusa zote za kupanda gari na kwenda kupumzika. Hakupanda. Alikimbia alipoweza, akatembea aliposhindwa, akachechemea yaliposhindikana yote mawili.

Alipoingia uwanjani jua lilikuwa limekwisha kutua, na waliosalia kwenye viti walikuwa wachache. Mguu wake ulikuwa umefungwa, naye anauburura. Wachache wale wakasimama wakampigia makofi mpaka alipouvuka mstari. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27; mtu wa 57 kati ya 57 waliomaliza, nyuma ya Wolde kwa saa moja na dakika tano. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa na dakika 25 za usiku wa kuamkia tarehe 21. Sikukuu ya Kenyatta ilikuwa imekwisha. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aanze mbio, bali ilimtuma azimalize. Watu wa pwani wangesema: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Tukiisha kusimulia, yatupasa tupime. Wako waliosema wakati ule, na wako wasemao hata leo, kwamba watu wa Afrika ya Mashariki walifanikiwa Mexico kwa kuwa walizaliwa milimani, basi. Ni kweli kwamba Keino alilelewa katika nyanda za juu za Nandi, na kwamba mwili uliozoea hewa nyepesi huitumia vizuri. Lakini Bikila aliishi Addis Ababa, mji ulio juu kuliko Mexico City, naye hakumaliza. Akhwari alitoka katika nyanda za juu za Mbulu, akawa wa mwisho. Temu, mshindi wa mita 10,000, alikimbia marathoni ile akawa wa 19. Mlima haumkimbilii mtu. Bila mpango, bila mwenzake wa kumtangulia, na bila ukaidi wa kukataa ushauri wa daktari, hewa ya Nandi isingemfikisha Keino popote. Anayesoma historia asiridhike na sababu moja, hasa ile iwapunguziayo watu sifa ya kazi yao.

Jambo la pili ni hili: kumbukumbu haigawi kwa haki. Keino anajulikana duniani kote. Alishinda tena dhahabu mwaka 1972 katika mbio za kuruka viunzi na maji, akawa mlezi wa watoto yatima mjini Eldoret, na mwaka 2016 Rio de Janeiro alipewa tuzo ya Olympic Laurel, yeye akiwa wa kwanza kuipokea. Akhwari naye anajulikana, na sababu mojawapo ni kwamba kamera za sinema zilikuwapo zikampiga picha akiingia uwanjani. Wengi husahau kwamba hakuwa mkimbiaji dhaifu: katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mwaka 1970, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, muda bora kuliko ule uliompa Wolde dhahabu Mexico, ingawa Edinburgh hapana hewa nyepesi. Jipcho alishinda mita 5,000 na mbio za kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974, akafariki mwaka 2020. Lakini kwa mizunguko ile miwili ya Mexico hakupewa nishani yoyote, kwa kuwa hakuna nishani ya mtu anayemtangulia mwenzake.

Karatasi ya matokeo ni shahidi mwaminifu, nami siidharau. Inatupa nafasi, muda na kimo, wala haipendelei mtu. Lakini haikuandika kwamba Keino alikuwa mgonjwa, kwamba Fosbury alichekwa, kwamba Jipcho alijua tangu mwanzo, wala kwamba Akhwari alikuwa na ruhusa ya kuacha. Mambo hayo yamehifadhiwa na watu waliouliza. Nasi shuleni tumezoea kuuliza kwanza, "Umekuwa wa ngapi?" Ni swali la halali, ila ni swali la karatasi.

Tarehe 20 Oktoba itakaporudi na majina ya mashujaa yakasomwa, wewe msomaji sikiliza kwa heshima. Kisha, kwa kila jina utakalolisikia, jiulize ni nani aliyekimbia mizunguko miwili ya kwanza mbele yake.